Kariakoo, Kota, Wailes: majina yaliyoingia kwa masikio

Konda anayeita "Wailes! Wailes!" kwenye daladala la Temeke anataja mtambo ambao abiria wake wengi hawajawahi kuuona. Enzi za Mwingereza huko kulikuwa na mawasiliano ya redio, kile wazee walichokiita simu ya upepo, na wenye mtambo wakikiita wireless. Mtaa ukachukua jina. Leo kijana aliyesoma kwa Kiingereza humsahihisha bibi yake: "Siyo Wailes, bibi." Mimi namtetea bibi.

Tuanzie Kariakoo. Waingereza walipoingia Dar es Salaam Septemba 1916, Mjerumani alikuwa ameacha jengo la soko, nao wakaligeuza kambi ya wapagazi wao wa vita, Carrier Corps. Hao ni wanaume waliokusanywa kote Afrika Mashariki, wengi kwa nguvu, wakabebeshwa risasi na chakula porini. Makumi ya maelfu hawakurudi makwao, na waliouawa na maradhi na njaa ni wengi kuliko waliouawa na risasi. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 inawakumbuka kwa maandishi, lakini wapita njia wangapi husimama kuyasoma? Soko lao linatajwa kila siku na watu wasiojua kuwa wanawataja.

Sasa lisikilize jina lenyewe. Neno Corps limeandikwa na p na s mwishoni, na Mwingereza hatamki hata moja kati ya hizo. Hutamka "ko", akiivuta. Mpagazi hakuoneshwa neno hilo kwenye karatasi, alilisikia kwa sajini, akalichukua lilivyo. Angelisoma kwa macho, leo tungekwenda kununua vitenge Kariakopsi. Nairobi nako kambi kama hiyo iliacha Kariokor, yenye r ya mwisho ambayo Mwingereza wa London haitamki. Waingereza wenyewe huandika Leicester wakasema "Lesta", na hakuna anayewacheka.

Magomeni, wilayani Kinondoni, ni vivyo hivyo. Nyumba za serikali ziliitwa quarters, masikio yakachukua kota, na s ikaachwa njiani. Nyumba za zamani zilibomolewa, maghorofa yakajengwa kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi pale, yakazinduliwa mwaka 2022, na bado ni Magomeni Kota. Tandika nao wana Devis Kona, na konda hana haja ya kumjua huyo Davis ili ashushe abiria.

Kinachoniuma ni tahajia. Mkoloni aliugawa mji kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Oysterbay, ufukwe wa chaza uliojengewa maofisa wa Kizungu, iko Kinondoni hiyohiyo, na hadi leo inaandikwa kwa Kiingereza kitupu, ingawa kwenye daladala utasikia "Ostabei". Wailes, Kota na Kariakoo, walikokaa Waafrika, ndizo zilizoandikwa kama zinavyotamkwa. Watu wakaja kudhani kuwa jina la kwanza ni sahihi na hayo mengine ni makosa, wakati yote yamepita kwenye masikio na midomo ileile. Vibao vya anwani za makazi sasa vimesimama mitaani. Cha Temeke kisibadilishwe kuwa Wireless kwa kuona haya, na ningefurahi kuona kimoja, pale karibu na bahari, kimeandikwa Ostabei.