Kiwanja ni cha Nani, na Mpangaji ni Nani? Habari za Wenye Nyumba wa Kwanza

Mwaka huu wanachama kadhaa wametuuliza njia ya kujenga vyumba vya kupangisha mjini. Kabla ya kuhesabu mabati na misumari, tumeona yafaa tukumbushane habari za wale waliotangulia katika kazi hiyo, maana aliyepita njia ndiye ajuaye palipo na mashimo.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na watu wakaifuata kutafuta kazi. Serikali ya wakati ule ilimhesabu Mwafrika kuwa mgeni wa mji, mtu wa kufanya kazi kisha kurudi kwao. Kwa hiyo haikujishughulisha sana na mahali pa kumlaza. Watu wakajijengea wenyewe katika vijiji kama Pangani, Maskini na Kileleshwa. Nyumba zilikuwa za fito na udongo, na nyingi ziliezekwa kwa madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Mwenye nyumba alilala katika chumba kimoja, akapangisha vilivyobaki. Ndivyo kazi hii ilivyoanza: si kwa mkopo wa benki, bali kwa akiba ndogo ndogo na chumba kimoja baada ya kingine.

Katika mwaka 1921 na 1922 wakuu wa mji waliufungua mtaa wa Pumwani. Mtu alipewa kiwanja, akajenga kwa gharama yake, akalipa ada ya kiwanja hicho. Hatuna budi kutaja kwa heshima kwamba sehemu kubwa ya wenye nyumba wa Pumwani na Pangani walikuwa wanawake. Walipata fedha zao kwa njia nyingi, na baadhi yake hazikusifiwa na watu wa dini. Lakini waliweka akiba pale ambapo wanaume wengi wenye mishahara hawakuweka, wakajenga.

Hata hivyo palikuwa na kasoro moja kubwa. Nyumba ilikuwa yao. Ardhi haikuwa yao. Miaka ya 1930 ilipokuwa inakwisha, Pangani ilibomolewa kwa amri, na mtaa wa Shauri Moyo ukajengwa kwa ajili ya waliohamishwa. Mtu aliyekuwa akiishi kwa kodi za vyumba vyake aliamka siku moja bila vyumba. Kuta alizijenga mwenyewe, lakini neno la mwisho lilikuwa la mwenye kiwanja.

Mombasa nako mambo yalifanana, ijapokuwa kwa desturi nyingine. Huko Majengo, nyumba ya Kiswahili ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na uwani jiko na choo. Mwenye nyumba alipokea kodi kwa wapangaji, naye akalipa kodi ya ardhi kwa mwenye shamba. Watu wa pwani waliizoea hali hiyo ya kuwa na nyumba bila ardhi, lakini mazoea si hati. Basi swali la kwanza la kila anayetaka kuanza ni hili: kiwanja ni cha nani, na ni karatasi gani inayothibitisha?

Swali la pili ni la mpangaji. Tangu mwaka 1920 hivi hata mwaka 1947, kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alilazimishwa kuchukua kipande, chenye jina la mwajiri wake na mshahara wake. Mtu angeweza kudhani kwamba karatasi kama hiyo ingetosha. Lakini kipande hakikusema kama mtu ni mlevi, kama hupigana usiku, wala kama aliondoka chumba cha kwanza akiwa na deni la miezi mitatu. Mambo hayo huyajua aliyeishi naye. Kwa hiyo njia iliyo bora ni ile ya kale: mgeni aletwe na mtu anayejulikana, ataje kazi yake na nyumba aliyotoka, naye mwenye nyumba aende mwenyewe kuuliza huko.

Lakini tuonyane hapa, maana njia hiyo ina mtego wake. Kujuana kwaweza kugeuka kuwa ukabila, mtu akajaza nyumba nzima watu wa kwao. Aprili 1954, katika msako ulioitwa Anvil, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa Nairobi na kupelekwa kizuizini kwa sababu ya kabila tu. Ni rahisi kufahamu msiba wa mtu aliyekuwa na wapangaji wa kabila moja hilo, achilia mbali dhuluma waliyotendewa wenyewe. Tena si haki kumnyima chumba mtu mwaminifu kwa sababu ya lugha ya mama yake. Uliza tabia na kazi, usiulize ukoo.

Yafaa pia kukumbuka kwamba mpangaji ana ulinzi. Kodi zilianza kuzuiwa kwa sheria wakati wa vita, mwaka 1940, na sheria ya mwaka 1959 ilikataza kumtoa mpangaji wa nyumba ya kodi ndogo bila amri ya baraza la kodi au mahakama. Mwenye kuchagua kwa haraka hawezi kujitibu kwa kung'oa mlango.

Kwa hiyo twawashauri wanachama: anzeni na vyumba vichache, hati ya kiwanja isomwe na anayejua sheria kabla ya tofali la kwanza, mapatano yaandikwe, na kila shilingi ipewe stakabadhi. Waliotutangulia walijenga kwa udongo na madebe, wakasomesha watoto. Kilichowapotea wengi wao ni ardhi waliyoijengea. Sisi tulioachiwa habari zao tusianze bila kuuliza.