Njuga, Majina na Mapango

Mtu akijitambulisha kwa jina la Wafula, mwenyeji wa Bungoma au Kitale, magharibi mwa Kenya, anajua papo hapo kwamba alizaliwa wakati wa mvua. Wekesa alikuja na mavuno, Simiyu na kiangazi. Wanjala amebeba njaa ambayo huenda hakuna karani aliyeiandika popote. (Siku hizi wengi wamerithi majina ya babu zao, kwa hiyo mvua yenyewe huenda ilinyesha zamani sana.)

Jina ni kisa kifupi. Kile kirefu hupita barabarani kila Agosti ya mwaka wa shufwa, kama 2022 na 2024, vijana wa Kibukusu wanapotembea wakigonga chinyimba, njuga za chuma, kwenye bangili za mikononi huku wakiwaalika jamaa kwenye tohara. Kituo kizito ni kwa khocha, yaani mjomba. Huyu hana maneno matamu kwa mpwawe. Humkaripia, humsomea ukoo wa mama yake na kumwonya asije akauaibisha. Kisha hutwaa luliki, ukanda wa nyama mbichi ya kifua cha ng'ombe aliyechinjwa, akamvika shingoni. Alfajiri kijana hupakwa matope mtoni, akarudishwa nyumbani kwa wimbo wa sioyaye. Wazee huuhusisha wimbo huo na Mango, aliyeliua joka lililokuwa likila watu, kisha akatahiriwa. Kijana anakiigiza kisa hicho kwa mwili wake, pengine kabla hajaweza kukisimulia.

Akitoka hapo ana rika. Marika ni manane, kila moja kama miaka 12, na jina hurudi baada ya karibu karne moja. Ukiambiwa babu fulani alikuwa wa Banyange au Bamaina, umeshapewa tarehe.

Mzee mashuhuri akifa, baada ya maziko huitwa msemaji wa kumuse, hotuba ya kumbukumbu. Umati humwachia njia katikati. Yeye huenda na kurudi, akitaja koo, marika na safari za mababu. Manguliechi alivuma kwa kazi hiyo kote Bungoma, na alistahili: ni wachache wanaoweza kuibeba kumbukumbu ya namna hiyo bila karatasi.

Kwa Wasabaot, majirani wa Wabukusu upande wa Endebess, Mlima Elgon wenyewe una ya kusema. Katika mapango yake watu waliishi pamoja na mifugo yao. Msafiri Joseph Thomson alipoyaona mwaka 1883 alidhani yamechimbwa na watu wa kale. Naye akawa mtunga ngano. Katika pango la Kitum, mojawapo ya hayo, ndovu ndio huingia gizani kukwangua kuta kwa pembe wakitafuta chumvi.

Makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na mkusanyiko wa Kanali Hugh Stoneham, yalifunguliwa mwaka 1974 na yanafaa kutembelewa. Ila chinyimba iliyowekwa kabatini haina sauti. Mwenye kutaka kuisikia asubiri Agosti ya mwaka wa shufwa, asimame kando ya barabara.