Kipitishi Kisokinza

Mwaka 1911, mjini Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aligundua kwamba zebaki ipozwapo kufikia nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri, ukinzani wake wa umeme hutoweka. Mwaka 1969 mota ya nguvu za farasi 3,250, ambayo koili yake ya sumaku ilipozwa kwa heliamu kimiminika, ilifungwa katika kituo cha umeme cha Fawley, Uingereza, kuendesha pampu ya maji.

Tukiiita waya hiyo “kipitishi kikuu”, ukuu hauelezi kitu. Kilichoondoka ni ukinzani, basi na iitwe “kipitishi kisokinza”. La hatari zaidi ni kuliita tukio la ukinzani kurejea ghafla “kuzimika”. Fundi atadhani mtambo umetulia, kumbe koili inapata moto na heliamu inachemka.