Ruhusa za Watumiaji katika Hazina za Maandishi ya Kompyuta

Kila hazina ya maandishi, iwe ya karatasi au ya kompyuta, hukabiliwa na maswali mawili yasiyopatana kwa urahisi: nani aruhusiwe kusoma, na nani azuiwe asiharibu. Mtunza nyaraka wa zamani aliyajibu kwa macho yake, maana alimwona mtu aliyesimama mlangoni. Kompyuta haimwoni mtu. Hujua jina tu na neno la siri. Kwa sababu hiyo, hukumu zilizokuwa moyoni mwa mtunzaji zilibidi ziandikwe waziwazi, moja baada ya moja.

Asili ya jambo hili yaonekana katika Chuo cha MIT huko Marekani. Mwezi wa Novemba 1961, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mtambo ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Watu wakaayo nyumba moja hutaka kila mmoja chumba chenye kufuli, na kufuli lao lilikuwa neno la siri. Lakini halikuwa imara. Katika mwaka wa 1962 mtafiti mmoja wa chuo hicho, Allan Scherr, ambaye saa alizogawiwa hazikumtosha, aliiagiza kompyuta imchapie orodha nzima ya maneno ya siri, nayo ikamchapia. Katika mwaka wa 1966 yakatokea makubwa zaidi: kila aliyeingia katika mtambo aliletewa orodha hiyo badala ya salamu za siku. Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na kanuni kwamba mtu mmoja tu ahariri mafaili ya jalada moja kwa wakati mmoja, nayo ilikuwa imelegezwa kwa ajili ya watunzaji wenyewe. Wawili wakahariri pamoja, na mafaili yao yakabadilishana nafasi. Hapo ilidhihirika kwamba hatari haitoki kwa mgeni peke yake, bali pia kwa mwenye ruhusa kupita kiasi.

Mitambo iliyofuata ilijaribu kuziba pengo hilo. Multics, ulioanza kuundwa katika mwaka wa 1965, uliliambatanishia kila faili orodha ya watu na yale waliyoruhusiwa kutenda. Unix, ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika mwaka wa 1969, ulikuja kuyafupisha mambo: mwenye faili, kikundi chake, na watu wengine; na kwa kila mmoja wao, kusoma, kuandika au kuendesha. Katika mwaka wa 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliyakusanya mafunzo hayo katika makala moja. Mawili kati yake ni haya: kila mtu apewe ruhusa zile tu zinazomtosha kwa kazi yake, na pasipotajwa ruhusa, jibu liwe hapana.

Wakutubi walikuja na nia nyingine. Mwezi wa Februari 2002 lilitolewa tamko la Budapest, likitaka makala za wataalamu zisomwe na watu wote bila malipo. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo, maktaba za MIT na kampuni ya Hewlett-Packard zilitoa programu ya DSpace, ambayo baadaye ilienea hata katika vyuo vya Afrika ya Mashariki, kama vile Nairobi na Makerere. Ndani yake mafundisho hayo mawili yalikutana. Kundi moja ni la wasiojulikana, yaani kila apitaye, hata asiyejiandikisha. Kwa kawaida hilo huruhusiwa kusoma. Lakini kuleta maandishi, kuyakagua, kuyahariri na kuyaondoa ni kazi za makundi mengine, kila moja kwa mpaka wake. Ruhusa zikipewa kundi badala ya mtu, msaidizi anayehama huondolewa katika orodha moja tu, na mlango hausahauliwi wazi.

Hata hivyo, pana jambo moja liwaponyokalo wengi. Katika DSpace, andiko hupokea ruhusa za mkusanyo wake siku lile linapokubaliwa kuingia. Mtunzaji akizibadilisha ruhusa za mkusanyo baadaye, mabadiliko huyahusu maandishi yatakayokuja; yale ya zamani hubaki kama yalivyokuwa mpaka yarekebishwe yenyewe. Basi tasnifu yenye siri za wagonjwa, au masimulizi ya wazee waliosema kwa sharti la kutotajwa, yaweza kubaki mbele ya ulimwengu wote huku mtunzaji akiamini ameifunga. Na kinyume chake ni hasara pia: kazi iliyofungwa kwa miaka miwili kwa ombi la mwandishi, ikasahauliwa bila tarehe ya kufunguliwa, ni sawa na isiyoandikwa.

Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari. Ruhusa nazo ni mali ya namna hiyo. Tangu orodha ya mwaka wa 1966 hata hazina za leo, kufuli lenyewe si tegemeo la kutosha. Lipasalo ni kuwa na mtu mwenye wajibu wa kuisoma orodha mara kwa mara, na kuuliza kwa kila jina na kila andiko kama sababu ya ruhusa ile ingali ipo.