Mwanga uliopotelea kwenye waya: historia ya taa za gari la MGB

Mwezi wa 9 mwaka 1962, kiwanda cha MG katika mji mdogo wa Abingdon, Uingereza, kilitoa gari jipya la spoti lililoitwa MGB. Lilikuwa gari dogo, jepesi, la bei nafuu kuliko magari mengi ya spoti ya wakati ule. Lilitengenezwa hadi mwaka 1980, na yalitoka zaidi ya laki 5. Mengi yangali yanatembea hadi leo, Uingereza, Marekani na kwingineko, mikononi mwa watu wanaoyatunza kwa upendo.

Lakini wenye magari hayo wamekuwa na lalamiko moja tangu zamani: taa za mbele. Mchana gari linakimbia vizuri. Usiku mwanga wake ni wa njano, hafifu, unaofika karibu tu. Kwa miaka mingi wamejaribu kuuongeza, na historia ya majaribio yao inamhusu kila mtu anayetembea kwa miguu kandokando ya barabara isiyo na taa, iwe Uingereza au kati ya Goma na Rutshuru.

Kutoka kwenye moto hadi kwenye umeme

Magari ya kwanza hayakuwa na taa za umeme. Yalitumia taa za mafuta, kisha taa za karabidi. Maji yalidondoka juu ya karabidi, gesi ya asetilini ikatoka, shofere akaiwasha kwa kiberiti. Mwanga ulikuwa mkali, lakini kazi ilikuwa nyingi. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilitoa gari lenye umeme wa kuwasha injini na taa pamoja, na polepole karabidi ikabaki kwa wachimba madini na wawindaji.

Mwaka 1940 Marekani ilichukua uamuzi mkubwa. Magari yote mapya yangekuwa na taa za aina moja: duara, zenye upana wa inchi 7, yaani karibu sentimita 18. Kioo cha mbele, kioo cha kuakisi na waya unaowaka vilifungwa pamoja kama chupa moja. Ikiungua, unaitupa na kununua nyingine dukani popote. Faida ilikuwa kubwa: vumbi na maji havikuingia, na kioo cha ndani hakikushika kutu. Hasara ilionekana baadaye, kwa sababu sheria iliyosaidia wakati ule iliwazuia watengenezaji kuleta kitu bora zaidi.

Ukubwa huo wa inchi 7 ulienea duniani. MGB ilikuwa nao. Land Rover za zamani zilikuwa nao, na Land Cruiser nyingi zenye taa za duara, zile zinazojulikana sana kwenye barabara za Kivu na Ituri, zina taa za kipimo hicho hicho. Kwa hiyo ufundi uliofanyika kwenye gari la spoti la Uingereza unaeleweka pia na fundi wa garaji ya Butembo.

Safari ndefu ya umeme

Ndani ya MGB ya kwanza, umeme ulisafiri mbali kabla ya kufika kwenye taa. Betri zilikuwa 2, kila moja ya volti 6, zimefichwa nyuma ya viti. Umeme ulipita kwenye waya hadi kwenye swichi mbele ya shofere, ukaenda kwenye swichi ya pili ya kubadilisha taa ndefu na taa fupi, ukarudi mbele hadi kwenye taa. Baada ya hapo ulirudi kwenye betri kwa kupitia chuma cha bodi ya gari.

Kila kiungo kwenye safari hiyo hula umeme kidogo. Gari likiwa jipya, hasara ni ndogo. Miaka 20 ikipita, viungo vinaota kutu, swichi zinachakaa, chuma kinachorudisha umeme kinafunikwa na rangi na uchafu. Hapo hasara inakuwa kubwa kuliko mtu anavyodhani, kwa kuwa mwanga wa balbu haushuki sawasawa na volti. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Balbu ni nzima, betri ni nzima, lakini karibu theluthi ya mwanga imebaki njiani na kugeuka joto ndani ya waya na swichi.

Tatizo la pili lilikuwa dinamo. Ile ya MGB za kwanza ilitoa ampea 22 tu, na injini ikienda polepole ilitoa kidogo zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1967 kiwanda kiliweka alteneta mahali pake, na hali ikawa nafuu.

Vifaa vya umeme vya MGB vilitengenezwa na kampuni ya Lucas ya mji wa Birmingham. Mwanzilishi wake, Joseph Lucas, alijulikana katika karne ya 19 kwa taa za baiskeli zilizouzwa kwa jina la "Mfalme wa Barabara". Karne iliyofuata, wenye magari ya spoti walimtania kwa jina jingine: "Mkuu wa Giza". Utani huo umedumu, lakini haukuwa wa haki kabisa. Mara nyingi giza lilitoka kwenye kiungo chenye kutu ambacho hakuna mtu aliyekisafisha kwa miaka 30.

Balbu mpya na madini ya zamani

Mwaka ule ule wa 1962, watengenezaji wa taa wa Ulaya walileta balbu ya kwanza ya halojeni kwa magari, iliyoitwa H1. Waya unaowaka ndani ya balbu ni wa tangsteni, chuma kinachotolewa kwenye wolframiti, madini ambayo wachimbaji wa Kivu wanayajua vizuri. Ndani ya balbu ya kawaida, tangsteni inavukizwa polepole na moto, inashikamana na kioo, na kioo kinakuwa cheusi. Ndani ya balbu ya halojeni kuna gesi kidogo inayoikamata tangsteni hiyo na kuirudisha kwenye waya. Kioo kinabaki safi, na waya unaweza kuwaka kwa joto kali zaidi, kwa hiyo mwanga ni mweupe na mwingi.

H1 ilikuwa na waya mmoja tu. Mwaka 1971 ilifuata H4, yenye nyaya 2 ndani ya balbu moja: wati 60 kwa taa ndefu, wati 55 kwa taa fupi. Sasa mwenye MGB aliweza kuondoa taa yake ya zamani iliyofungwa kama chupa, akaweka nyingine ya inchi 7 inayopokea balbu ya H4, bila kukata chuma hata kidogo.

Huko Marekani, ambako MGB nyingi ziliuzwa, sheria ya taa ile moja iliendelea kukaza. Nguvu ya mwanga iliyoruhusiwa ilikuwa ndogo kuliko ile ya Ulaya, na iliongezwa tu mwishoni mwa miaka ya 1970. Kabla ya hapo, Wamarekani waliopenda magari ya spoti waliagiza taa za Ulaya na kuzifunga wenyewe, wakijua kwamba polisi wangeweza kuwasimamisha.

Kosa la kwanza na dawa yake

Wengi walianza kwa njia rahisi: kununua balbu kubwa zaidi, hata ya wati 100. Matokeo yalikuwa mabaya. Taa 2 za wati 60 zinavuta karibu ampea 10. Zile za wati 100 zinavuta zaidi ya 16. Umeme huo wote ulipita kwenye swichi ndogo iliyotengenezwa kwa kazi nyepesi. Swichi zilipata moto, plastiki ikayeyuka, taa zikazimika ghafla katikati ya safari. Na katika MGB taa kubwa hazikuwa na fyuzi ya kuzilinda, hivyo waya wenyewe ndio ulioungua.

Dawa iliyoenea katika vyama vya wenye MGB ilikuwa rilei. Hiki ni kifaa kidogo chenye sumaku ya umeme ndani. Swichi ya shofere haibebi tena mzigo wa taa. Inapeleka umeme mdogo tu wa kuiamsha rilei, nayo inafungua njia fupi na nene kutoka kwenye chanzo cha umeme hadi kwenye taa, yenye fyuzi yake. Rilei 2 zinatosha, moja kwa taa ndefu na moja kwa taa fupi. Waya wa kurudisha umeme nao unasafishwa na kufungwa upya kwenye chuma kilichokwaruzwa rangi.

Baada ya kazi hiyo, wengi waligundua jambo la kushangaza: hata balbu za zamani ziliwaka vizuri zaidi. Mwanga ulikuwepo tangu mwanzo, ila haukuwa na njia.

Mwanga unamwangukia nani?

Mwanga mwingi peke yake haujamaliza kazi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, taa fupi za Ulaya hutupa mwanga wenye mpaka: upande mmoja unabaki chini ili usimpofushe anayekuja mbele, na upande mwingine unapanda kidogo ili kuonyesha kando ya barabara na watu wanaotembea hapo. Uingereza wanaendesha kushoto, kwa hiyo taa za MGB ya Uingereza zinapanda kushoto.

Sweden ilijifunza jambo hilo tarehe 3 mwezi wa 9 mwaka 1967, siku nchi nzima ilipohama kutoka kuendesha kushoto kwenda kulia. Hawakubadilisha alama za barabarani tu. Taa za magari nazo zilipaswa kubadilishwa, kwa sababu taa ya kushoto kwenye barabara ya kulia inampiga machoni anayekuja na kumwacha gizani anayetembea kwa miguu.

Kongo inaendesha kulia, Uganda inaendesha kushoto. Gari linalovuka mpaka wa Kasindi, au gari la mitumba lililotoka Japani ambako pia wanaendesha kushoto, linaweza kuingia na taa zilizotengenezwa kwa upande mwingine. Shofere anahamia kulia, lakini taa zake hazijahama.

Siku hizi wengi wanaweka balbu za LED kwenye taa za zamani. Zinakula umeme kidogo, jambo zuri kwa gari lenye dinamo dhaifu. Lakini kioo cha kuakisi cha H4 kilichorwa kwa waya mwembamba uliokaa mahali pamoja kamili. LED isiyokaa mahali hapo inatawanya mwanga ovyo. Shofere anaona weupe mwingi mbele ya boneti na kufurahi, kumbe mbali haoni, na anayekuja haoni kabisa.

Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa linapita mita 22 kila sekunde. Mama aliyebeba magodoro na watoto wake, akihama kijiji kabla ya kupambazuka, yuko upande ule ambao taa iliyopangwa vizuri ingemwonyesha. Kwake, sekunde moja zaidi ya kuonekana ni kitu kikubwa.

Sehemu kubwa ya kazi ambayo wenye MGB walijifunza haihitaji fedha nyingi. Safisha viungo na waya wa kurudisha umeme. Usiweke balbu kubwa kuliko waya unavyoweza kubeba. Usishike kioo cha balbu ya halojeni kwa vidole, maana mafuta ya ngozi yanaipasua ikipata moto. Kisha egesha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, na kuwasha taa fupi: mpaka wa mwanga ukutani uwe chini ya kimo cha taa kwa sentimita 10 hivi, na sehemu inayopanda iwe upande wa kulia. Ikiwa inapanda kushoto, kugeuza parafujo hakutasaidia. Taa hiyo ni ya nchi nyingine, na inafaa kubadilishwa kabla ya safari ya usiku.