Rufaa ya matibabu wilayani Same

Rufaa ya matibabu wilayani Same ni utaratibu wa kumpeleka mgonjwa kutoka zahanati, kituo cha afya au hospitali ya Wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, hadi hospitali kubwa zaidi yenye daktari bingwa au vipimo visivyopatikana pale alipoanzia. Utaratibu wenyewe ni ule wa Tanzania nzima. Katika Milima ya Pare, hata hivyo, una uzito wake: vijiji vingi viko juu milimani, barabara kuu ya lami inapita chini tambarare, na madaktari bingwa wengi wako Moshi, takriban kilomita 100 kutoka mji wa Same.

Ngazi za rufaa

Ngazi ya chini ni zahanati ya kijiji, kisha kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya iliyoko mjini Same. Upande wa mashariki wa milima, Hospitali ya Kilutheri ya Gonja, iliyo chini ya Dayosisi ya Pare ya KKKT, huwahudumia watu ambao kwao safari ya kwenda Same mjini ni ndefu.

Juu ya wilaya ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi, mjini Moshi. Juu yake ipo hospitali ya rufaa ya kanda, KCMC, nayo iko Moshi. KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, ni mali ya Shirika la Msamaria Mwema, na hupokea wagonjwa wa Kilimanjaro, Arusha, Manyara na Tanga. Mwisho kabisa ziko Muhimbili na taasisi maalumu za Dar es Salaam, kama Taasisi ya Saratani Ocean Road na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

Si lazima mgonjwa apite kila ngazi. Daktari anaweza kumwelekeza moja kwa moja mahali penye huduma anayohitaji. Mgonjwa anayeruka ngazi kwa hiari yake, bila barua, anaweza kurudishwa alikotoka au kutakiwa alipe fedha taslimu.

Barua na kadi

Watu wengi huchanganya mambo mawili. Barua ya rufaa inaeleza kwa nini mgonjwa anahitaji bingwa. Kadi ya bima inaeleza nani atalipa. Mtu anaweza kuwa na barua sahihi kabisa, lakini kadi yake isifike kule barua inakompeleka.

Tofauti hiyo ilionekana wazi kwa wanachama wa Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF). Katika mfumo ulioboreshwa wa mwaka 2018, kaya ya watu wasiozidi 6 ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka na kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa mkulima wa tangawizi wa Mamba au Vuje ilikuwa bima ya bei nafuu, lakini mwisho wake ulikuwa Mawenzi. KCMC iko kilomita chache tu kutoka hapo, katika mji uleule, na safari hiyo fupi ndiyo iliyoweza kuilazimu familia kuuza ng'ombe au kuchangishana.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001, hufika hadi ngazi ya kanda na taifa, katika hospitali zilizosajiliwa nao. Watumishi wa umma huchangia asilimia 6 ya mshahara, nusu ikilipwa na mwajiri. Hata hapa kadi peke yake haitoshi: baadhi ya vipimo, dawa na upasuaji wa gharama kubwa huhitaji kibali cha mfuko kabla ya huduma. Uanachama nao huhakikiwa dirishani, kwa hiyo kadi iliyokwisha muda au jina lisilolingana na kitambulisho huweza kumchelewesha mgonjwa aliyesafiri tangu alfajiri.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inamtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima.

Barua nzuri ya rufaa huwa na jina na umri wa mgonjwa, ugonjwa unaodhaniwa, matibabu aliyokwisha kupewa, majibu ya vipimo, sababu ya rufaa, pamoja na saini na mhuri. Majibu ya vipimo yakiachwa nyumbani, hospitali ya juu huweza kuvirudia, na asiye na bima atavilipia mara ya pili. Bingwa anapomaliza kazi yake anatakiwa kuandika majibu kwa kituo kilichomtuma mgonjwa, hasa kwa wenye kisukari au shinikizo la damu, ambao dawa zao zinaweza kuendelea karibu na nyumbani. Hatua hiyo ndiyo inayosahaulika zaidi.

Dharura na usafiri

Mgonjwa wa dharura hupokelewa bila barua, na taratibu nyingine hufuata baadaye. Kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga upo mfumo wa m-mama, unaotafuta usafiri kwa kupiga 115 bila malipo. Wagonjwa wengine hutegemea gari la wagonjwa likiwapo, au bodaboda hadi barabara kuu na basi la Moshi. Nauli, chakula na malazi ya ndugu anayemsindikiza mgonjwa hubaki mzigo wa familia.

Tangu 2024 serikali imekuwa pia ikipeleka madaktari bingwa katika hospitali za halmashauri kwa siku chache kila awamu. Katika siku hizo baadhi ya wagonjwa huonwa na bingwa wilayani mwao, bila safari ya Moshi.