Kaya ya Wageni: Maisha ya Familia za Kikristo Ughaibuni katika Misheni ya Mombasa na Rabai, 1844–1888

1.0 Utangulizi

Historia ya misheni katika pwani ya Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kama historia ya safari, tafsiri na siasa. Johann Ludwig Krapf hutajwa kwa tafsiri zake za Biblia na kwa kamusi yake ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882. Johannes Rebmann hutajwa kwa kuuona Mlima Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Kazi za A. J. Temu (1972) na Robert Strayer (1978) ziliuhamisha mjadala kutoka kwa wamisionari binafsi hadi kwa jamii zilizochipuka kandokando ya vituo vyao. Hata hivyo, liko eneo ambalo bado limebaki pembeni, nalo ni nyumba yenyewe: nani aliishi humo, nani alimuuguza mwenzake, nani alizaa na nani alizika.

Insha hii inaichukua nyumba ya misheni kuwa kiini cha uchunguzi. Hoja yake kuu ni kwamba maisha ya ughaibuni katika misheni ya Mombasa na Rabai hayakuwa ya Wazungu peke yao. Mahali pamoja walikutana watu walioacha kwao kwa hiari, watu waliong'olewa kwao kwa nguvu, na wenyeji waliowapokea wote wawili. Kumbukumbu za misheni ziliwaita wa kwanza familia, na wengine zikawaita watumishi, wanafunzi au waongofu. Mgawanyo huo, kama itakavyoonyeshwa, ni wa waandishi wa ripoti zaidi kuliko wa maisha yaliyoishiwa.

Neno kaya linaifaa hoja hii. Katika Kiswahili cha taaluma, kaya ni watu wanaoishi na kula pamoja. Kwa Wamijikenda, Warabai wakiwa miongoni mwao, kaya ni makazi ya mababu yaliyokingwa na msitu. Maana ya kwanza inauliza nani anakula na nani. Ya pili inauliza nani ana haki ya kuingia ndani. Maswali yote mawili yanaihusu nyumba ya misheni.

2.0 Mombasa, 1844: Kaburi Lililotangulia Nyumba

Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha Kiingereza cha Church Missionary Society (CMS), alifunga ndoa na Rosine Dietrich mjini Alexandria mwaka 1842. Kabla hata ya kufika pwani ya Waswahili, wawili hao walikwisha kufiwa. Mwaka 1843, wakiwa safarini kuelekea Ethiopia, Rosine alijifungua kabla ya wakati, na mtoto hakuishi. Walimpa jina Eneba, yaani chozi. Mwezi Januari 1844 walifika Zanzibar, Krapf akapata barua ya Seyyid Said ya kumtambulisha kwa maliwali wake, na mwezi Mei wakahamia Mombasa.

Mwezi Juni Krapf alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa mji. Mwezi Julai homa iliwaangusha yeye na mkewe kwa pamoja. Rosine alijifungua mtoto wa kike tarehe 6 Julai, akafariki tarehe 13, na mtoto akamfuata baada ya siku chache. Mama huyo alizikwa ng'ambo ya mji, upande wa bara, mahali panapojulikana leo kama Nyali.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa hapa. La kwanza ni namna msiba wa nyumbani ulivyogeuzwa kuwa habari ya chama. Krapf aliwaandikia wakuu wake London akilieleza kaburi hilo kuwa alama kwamba kazi katika pwani hii imekwisha kuanza. Kwa maneno mengine, kabla misheni haijawa na shule wala kanisa, ilikuwa na kaburi, na kaburi hilo lilikuwa la mama wa nyumba. Machozi ya mume yaliwekwa katika barua moja na hoja ya kuomba watu zaidi watumwe. Hatuna sababu ya kuutilia shaka uchungu wake, lakini hatuna budi kuona kwamba familia ya mmisionari haikuwa na faragha kamili hata mautini.

La pili ni kwamba nyumba hiyo, iliyokusudiwa kuwa chimbuko la ujumbe mpya, ilitegemea elimu ya jirani Mwislamu tangu wiki zake za kwanza. Mgeni huanza kwa kujifunza kuomba maji na moto. Krapf alianza kwa kujifunza maneno, na maneno hayo yalikuwa mali ya wenyeji. Kamusi yake, ikisomwa kwa jicho la mwanahistoria wa jamii, ni zaidi ya orodha ya msamiati. Vyakula, vyombo, maradhi na desturi za nyumbani zilizoelezwa humo ni ushahidi wa miaka aliyoitumia barazani kwa watu akiuliza na kujibiwa.

3.0 Rabai: Emma, Salimini na Nyondo

Rebmann alijiunga na Krapf mwezi Juni 1846, na mwaka huohuo wakaanzisha kituo Rabai, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa. Mwaka 1851 Rebmann alimwoa Emma, mjane Mwingereza, mjini Cairo, akarudi naye. Krapf aliondoka mwaka 1853 na Jakob Erhardt mwaka 1855. Tangu hapo mume na mke walibaki karibu peke yao, yeye Mjerumani wa Kilutheri, mkewe Mwingereza, katika utumishi wa chama cha Kianglikana, miongoni mwa watu ambao waandishi wa wakati huo waliwaita Wanyika na ambao leo tunawaita Wamijikenda. Mtoto aliyezaliwa kwao hakuishi. Uvamizi wa Wamaasai wa mwaka 1857 uliwalazimu kukimbilia Mombasa, kisha Zanzibar, kabla ya kurudi tena Rabai. Emma alifariki mwaka 1866.

Kwa kipimo cha ripoti za misheni, hii ni historia ya upweke. Ila upweke huo unaonekana tu iwapo tutawahesabu Wazungu peke yao. Tangu miaka ya 1850 Rebmann alikaa vikao virefu na Salimini, mtumwa aliyeletwa pwani kutoka upande wa Ziwa Nyasa, akijifunza kwake lugha ya kwao. Matokeo yake ni kamusi ya Kinyasa iliyochapishwa mwaka 1877 chini ya uhariri wa Krapf. Tuitafakari hali hiyo. Watu wawili wameketi pamoja. Mmoja amevuka bahari kwa hiari yake, mwingine ametekwa na kuuzwa. Wote wawili wako mbali na kwao, na wote wawili wanaitaja nchi ambayo mmoja wao tu aliwahi kuiona. Lakini ni mmoja tu ambaye hali yake iliitwa utume. Mwingine alikuwa akikumbuka majina ya vitu vya nyumbani kwao, neno baada ya neno, kwa manufaa ya kitabu ambacho hakikuandikwa ili kimrudishe huko.

Mwaka 1875, baada ya miaka 29 bila kurudi Ulaya na akiwa karibu kipofu kabisa, Rebmann aliondoka Rabai. Aliyemwongoza safarini hadi Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, kijana wa Rabai aliyelelewa katika misheni. Rebmann alifariki mwaka uliofuata huko Korntal, Ujerumani. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, kumshika mkono mzee asiyeona na kumfikisha kwao ni kazi ya mwana. Nyaraka zinamtambulisha Nyondo kama msaidizi na mwongofu. Kwa kuzingatia alichokifanya, insha hii inamhesabu kuwa mwanakaya. Tena katika safari hiyo nafasi zilibadilishana: mwenyeji wa Rabai ndiye aliyekuwa mgeni, na aliyekuwa mgeni kwa karibu miongo mitatu ndiye aliyekuwa akienda kwao.

4.0 Familia kutoka Nasik

Kundi jingine la familia za Kikristo ughaibuni lilifika Rabai mwaka 1864. Hao walikuwa Waafrika waliotekwa wakiwa watoto, wakaokolewa na manowari za Uingereza baharini, wakapelekwa India na kusomeshwa katika kituo cha CMS karibu na Nasik. William Jones, aliyekuwa Myao kwa asili, George David na Ishmael Semler walitumwa pamoja na wake zao kumsaidia Rebmann. Baada ya mwaka 1875, makazi ya watumwa walioachiwa huru yalipoanzishwa Freretown, wengine wengi walifuata kutoka India.

Chama kiliichukulia safari yao kuwa kurudi nyumbani Afrika. Kwa hakika haikuwa hivyo. Mombasa si Uyao, na Kirabai si Kiyao. Walifika wakiwa na majina ya Kiingereza na malezi ya India, wakatakiwa kuwa mfano wa familia ya Kikristo mbele ya watu waliowaona kuwa wageni sawa na Wazungu.

Tofauti yao na familia za Kizungu inaonekana wazi zaidi katika suala la watoto. Tangu mwaka 1850 CMS ilikuwa na makao ya watoto wa wamisionari huko Islington, London, ambako watoto wangeweza kulelewa na kusomeshwa wakati wazazi wako ng'ambo. Utaratibu huo uliwaepusha na homa kwa gharama ya kuwatenga na wazazi kwa miaka mingi. Ndivyo familia iliyohubiriwa kuwa mfano wa kuishi pamoja ilivyolazimika kuishi mbalimbali. Familia za Nasik hazikuwa na Islington yao. Watoto wao walikulia palepale, na mustakabali wao ulitegemea hadhi ambayo misheni ingewapa wazazi wao. Ndiyo maana mvutano kuhusu mishahara na vyeo, ambao mara nyingi huelezwa kama mgogoro wa utawala, ulikuwa pia suala la nyumbani: chakula, makazi na urithi wa watoto.

Jones alipewa daraja la ushemasi mwaka 1885 pamoja na Semler. Mwaka huohuo alisafiri na Askofu James Hannington kuelekea Uganda, na askofu alipouawa Busoga, Jones ndiye aliyeuongoza msafara uliobaki hadi pwani. Chini ya usimamizi wake Rabai ilikuwa kimbilio la watoro kutoka mashamba ya pwani. Mwishoni mwa mwaka 1888 ilibidi mabwana walipwe fidia kwa ajili ya watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa katika misheni za eneo hilo. Mtu aliyepotezewa ukoo akiwa mtoto ndiye aliyewafungulia mlango waliokuwa wakitafuta pa kuanzia ukoo upya.

5.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba nyumba ya misheni ya Mombasa na Rabai ilikuwa kaya ya wageni wa aina mbalimbali, na kwamba kilichowatenganisha hakikuwa umbali wa kwao bali uwezo wa kurudi. Krapf alirudi. Rebmann alirudishwa akiwa ameshikwa mkono. Rosine na Emma hawakurudi, lakini makumbusho yao yalihifadhiwa na chama. Salimini hakuwa na chama cha kumwandikia barua, na Jones alirudishwa mahali ambapo hapakuwa kwao.

Kwa mtafiti, matokeo yake ni ya kimbinu. Anayetaka kuandika historia ya familia za Kikristo ughaibuni asianze na orodha ya wamisionari waliotumwa. Aanze na nyumba, awahesabu wote waliolala na kula humo, wagonjwa na waliowauguza, ndipo aulize ni nani kati yao ambaye kumbukumbu zilimwita ndugu. Kaburi la Rosine lipo Nyali na jina lake linasomeka. Jina la Salimini limo katika historia ya kamusi. Kazi iliyo mbele yetu ni kuwasoma wawili hao katika sura moja.